Usimuulize mtoto alikuwa anaangalia wapi

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa kikundi changu aligongwa na pikipiki akivuka barabara kwenye zebra. Ilikuwa saa 11 na robo jioni, ametoka shule, sare mwilini na begi mgongoni. Ana miaka tisa. Mguu ulivunjika chini ya goti. Yuko hai, anakula, anacheka, anatembea kwa magongo na anawatisha wenzake nayo. Natanguliza hilo ili msisome mkiogopa.

Kilichonifanya niandike si mguu. Ni maneno yaliyosemwa pale barabarani hata kabla mtoto hajanyanyuliwa. Watu walijaa. Mmoja akasema, "Watoto wa siku hizi hawaangalii." Mwingine akauliza, "Kwani alikuwa anaangalia wapi?" Wa tatu, mtu wa kwetu kabisa, ninamjua na yeye ananijua, akasema, "Hawa watoto wa wakimbizi hawajazoea lami."

Halafu mama yake akafika mbio, kitenge kimemlegea, akapiga magoti kando ya mtoto. Neno lake la kwanza hakumwambia mtoto. Alimgeukia motari, kijana wa umri wangu aliyekuwa anatetemeka pembeni ya pikipiki yake, akamwambia, "Mumbabarire." Mnisamehe. Mama wa aliyevunjika mguu anamwomba radhi aliyemvunja!

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mdogo wangu, niliwaza polisi watakuja, wataniuliza kwa nini mtoto yuko peke yake. Sisi ni wageni. Mgeni akianza kesi, kesi inamgeukia."

Basi mimi naandika juu ya hayo mambo mawili: lile swali, "alikuwa anaangalia wapi", na ile "mumbabarire". Naona ni kitu kimoja. Vyote viwili vinachukua mzigo wa barabara nzima na kumtwisha yule asiye na chuma chochote mwilini.

Kwanza nikiri kosa langu. Mimi nilizaliwa kambini Mtabila, Tanzania. Mwaka 2012 kambi ilifungwa tukarudishwa Burundi, tukakaa Buyenzi, mwaka 2015 tukakimbia tena, tukapitia Mahama, na sasa niko Kigali. Tanzania gari linapita kushoto, kwa hiyo ukishuka barabarani linalokufikia kwanza linatoka kulia. Kule tulifundishwa: angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena. Rwanda na Burundi gari linapita kulia, na linalokufikia kwanza linatoka kushoto. Mimi nilipoanza kukaa na watoto Jumamosi, niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Miezi kadhaa, jamani! Mpaka binti mmoja mdogo akaniambia, "Dada, mbona unaangalia upande magari yanakokwenda?" Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Wako wengi kati yetu waliokulia Tanzania au Uganda, na shingo zao bado zinageukia upande wa kule. Waambieni. Waambieni na wazee.

Kwa hiyo mtoto wetu alipogongwa, nilijua ni mimi. Nilikwenda kumwona, nikamuuliza polepole aliangalia upande gani. Akaniambia, "Niliangalia kushoto, dada, halafu kulia, halafu kushoto. Haikuwepo."

Haikuwepo. Mtu mzima akisikia hivyo anasema mtoto anadanganya. Mimi nikaamua kupima.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda vijana sita, na kamba ya mita 10 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Barabara yenyewe inashuka mlima, kama nusu ya barabara za mji huu, na juu ya zebra kuna kona. Zebra yenyewe imefifia, unaiona ukishaikanyaga. Tulipima kutoka kwenye kona hadi zebra: mita 60. Tukapima upana wa lami: mita 7. Mtoto wa miaka tisa mwenye begi akavuka kwa sekunde 7. Bibi mmoja mwenye beseni la mboga, ambaye tulimwomba ruhusa ya kumhesabia, akavuka kwa sekunde 11. Halafu tukakaa pembeni tukahesabu pikipiki na magari yanayoshuka, tangu yanapotokeza kwenye kona hadi yanapogusa zebra. Mengi yalitumia sekunde 4 au 5.

Sasa fanya hesabu na wewe. Mtoto anasimama pembeni. Anaangalia. Barabara ni tupu, tupu kabisa. Anashuka. Anahitaji sekunde 7. Pikipiki inatokeza kwenye kona akiwa amepiga hatua moja tu, na inahitaji sekunde 4. Itamkuta katikati. Mtoto aliangalia vizuri, alivuka mahali alipoambiwa avuke, na bado hesabu haimruhusu kufika. Alisema kweli: haikuwepo.

Mita 60 kwa sekunde 4 ni kilomita 54 kwa saa. Kwa sekunde 5 ni kilomita 43. Hao si wahuni. Ni watu wa kawaida wanaorudi nyumbani, na barabara imewaambia, kwa ule mteremko wake na lami yake laini, kwamba mwendo huo ni sawa. Lakini angalia kilomita 30 kwa saa: mita zilezile 60 zinachukua sekunde 7 na kidogo. Mtoto amefika ng'ambo. Bibi mwenye beseni bado yuko njiani, lakini mwenye pikipiki amemwona mapema na ana nafasi ya kusimama. Hiyo ndiyo tofauti, na wala haihitaji kubadilisha tabia ya mtoto hata kidogo.

Kuna kitu kingine kuhusu mwendo ambacho shuleni tulikisoma lakini hatukukiunganisha na barabara. Nguvu ya kitu kinachokugonga haiongezeki sawasawa na mwendo wake, inaongezeka mara mwendo kwa mwendo. Kutoka 40 hadi 60 mwendo umeongezeka nusu tu, lakini nguvu ya pigo imezidi mara mbili. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Yaani watoto wa Jumamosi zangu, na mimi mwenyewe. Si malaria, si UKIMWI. Barabara. Februari 2020 nchi nyingi zilikutana Stockholm zikatoa tamko kwamba mahali ambapo watembea kwa miguu wanachanganyika na magari mara kwa mara, mwendo usizidi 30. Kwa hiyo hiyo 30 sikuiota mimi kitandani.

Najua jibu linalokuja, maana nimeshalisikia: "Wewe mtoto wa kambini, umeona barabara za kwenu? Hapa kuna taa, kuna lami, kila abiria wa pikipiki amevaa kasike. Shukuru."

Ninashukuru. Kwa kweli ninashukuru, na sitaki mtu asome hapa kana kwamba ninatukana nyumba iliyonipa mahali pa kulala. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, wiki 52 za kufundisha watu kufika salama, ikasikika makanisani, misikitini, shuleni, kila mahali. Ni kazi nzuri. Lakini kufundisha watu na kutengeneza barabara ni mambo mawili. Ukinifundisha kuangalia pande zote na kona ikanificha pikipiki, umenifundisha kuangalia kona. Na kushukuru si kufumba mdomo. Mtu anayekupenda akikukaribisha kwake, ukaona moto jikoni, utasema "niko mgeni, nisiseme"?

Tena nchi hii inasikia. Mwaka 2021 kamera za mwendo, zile tunazoziita Sofia, zilikuwa zimejaa, na madereva wakapiga kelele kwamba vibao vya 40 vimezidi na faini zinawamaliza. Kelele hiyo ilifika juu. Sehemu nyingi mwendo ukapandishwa hadi 60. Mimi sisemi ni vibaya, kwenye barabara pana zenye njia ya miguu pembeni. Nasema tu: madereva waliongea, wakasikilizwa. Wenye miguu waliongea wapi? Nani aliwahesabia sekunde zao? Siwalaumu madereva kwa kuwa na mdomo. Nalaumu sisi ambao ndio tunaotembea zaidi, kwa sababu mara nyingi hata nauli ya pikipiki hatuna, na hatujasema hata neno moja.

Na mji huu unajua kabisa kupunguza mwendo pale unapotaka. Katikati ya mji kuna Imbuga City Walk, magari yametolewa, watu wanakaa na watoto wao. Biryogo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, kuna njia zimefungwa magari, lami imepakwa rangi, na watu wanakula na kunywa chai pale pikipiki zilipokuwa zinapita. Tangu 2016 kuna Jumapili ambazo barabara kubwa zinafungwa ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Kama barabara kubwa inaweza kufungwa ili mtu mzima apunguze kitambi, kweli kibarabara chetu hakiwezi kupewa matuta mawili ili mtoto afike nyumbani na miguu yake yote?

Wakati ni sasa, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, mitaa mingi inawekewa lami, na mara nyingine wakazi wenyewe wanachanga sehemu ya gharama na Jiji linaongeza. Ni furaha, vumbi linaisha na tope linaisha. Lakini barabara ya vumbi, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na mashimo, na mashimo yalikuwa yanafanya kazi ya matuta. Ukiondoa shimo bila kuweka tuta, umeongeza mwendo mbele ya milango ya watu. Lami na matuta, yale tunayoita dodani, vije pamoja. Si lami leo, na dodani baada ya mazishi.

Ya pili, ni saa. Tangu Januari 2023 shule zinaanza saa 2 na nusu asubuhi na kumaliza saa 11 jioni, na kazi za ofisi zinaanza saa 3 na kumaliza saa 11 hiyo hiyo. Kulala zaidi ni kuzuri, watoto wanapenda. Lakini sasa mtoto na aliyechoka kazini wanatoka dakika moja, barabara moja. Mtoto wetu aligongwa saa 11 na robo. Si bahati mbaya hiyo, ni ratiba.

Ya tatu, pikipiki za umeme. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali lazima ziwe za umeme. Hewa itakuwa safi, nami nashangilia. Lakini watoto wetu walijifunza kuvuka kwa masikio. Kwenye kona ambayo macho hayaoni, sikio ndilo lilikuwa linaona. Hii mpya inashuka mlima kimya kama paka. Hapo napo utamuuliza mtoto alikuwa anasikiliza wapi?

Kuhusu motari mwenyewe. Sikuandika ili apigwe mawe. Yule kijana alikuja hospitali mara mbili na maembe. Analipwa kwa safari, asipokimbia hali. Baadhi ya vijana wa kikundi chetu wanaota kuwa motari na mimi nawasaidia kusomea leseni. Ukimweka kijana kwenye mteremko laini usio na tuta, na saa ya jioni ndiyo saa ya abiria, halafu ukategemea roho yake nzuri peke yake, umemwonea na yeye. Tuta halichoki, halina haraka, halina deni la mwenye pikipiki. Ndiyo maana nataka tuta.

Na sisi kwa sisi, tusijifiche. Tuna neno letu: "Ni Mungu alipanga." Mtoto akigongwa, Mungu alipanga. Mimi nasali kama ninyi. Lakini zebra iliyofifia haikupangwa na Mungu, ni rangi tu, na rangi inauzwa. Tuna na tabia ya kumtuma mtoto wa miaka sita dukani ng'ambo ya barabara kuleta mkaa usiku ukiingia, na sisi tumekaa. Tuna na aibu hiyo ya kuongea Kinyarwanda kilichochanganyika na Kirundi au Kikongo mbele ya watu, tunaona afadhali tunyamaze.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si tumeshapewa? Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi tuko kwenye umuganda, tunafyeka, tunachimba mifereji, tunazibua ile mifereji ya kando ya barabara hiyo hiyo. Sasa baada ya kazi kuna mkutano, na sisi ndipo tunapobeba majembe yetu na kurudi nyumbani. Tunatoa jasho tunaacha neno. Jumanne kuna mkutano wa wakazi, na hakuna aliyeandika mlangoni kwamba mkimbizi asiinue mkono. Mikono ni sisi tunaoishusha.

Tunachoomba ni kidogo, kimeandikwa kwenye karatasi moja kwa Kinyarwanda na tumepeleka kwa mkuu wa mudugudu. Matuta mawili juu ya zebra, kabla na baada ya kona. Zebra ipakwe rangi upya. Kibao cha 30. Na sisi vijana tumejitolea, kila siku ya shule, wawili wawili, saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, kusimama pale na fulana zinazong'aa na kuwavusha watoto, mpaka matuta yaje. Si mpaka milele. Mpaka matuta yaje.

Na haya kateni mbandike ukutani, kwa sababu yule mama hakuyajua na karibu ajidhulumu. Ajali ya barabarani, piga 113. Ambulansi ni 912. Usikubali "tumalizane hapa hapa" wakati mtoto amelala chini, maana bila karatasi ya polisi fidia ya bima itakuwa ngumu kudai, na kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kuwa na bima ya kumlipa anayegongwa. Aliyegonga akikimbia asijulikane, au akiwa hana bima, kuna mfuko wa serikali unaoitwa SGF unaofidia waliojeruhiwa, lakini nao unaanzia polisi. Siku ile polisi walipofika, hawakumuuliza mama kwa nini ni mkimbizi. Walimuuliza umri wa mtoto, namba ya kitambulisho na simu. Basi. Hofu yote ile, na maswali yalikuwa matatu.

Jumanne ijayo tunakwenda mkutanoni. Mimi nitabeba zile namba: mita 60, sekunde 7, sekunde 4. Kinyarwanda changu kitakwama katikati, najua, na mtu atacheka, na nitaendelea. Mtoto anataka kuja na magongo yake. Mama yake amesema atakuja pia, lakini hataongea. Sawa. Akae tu mbele, waone ni mtoto wa nani.